Maneno Mekundu kwenye Ukuta wa Tonton

Katika mji wetu wa Kisangani, ukitaka kujua ni nyumba gani inauzwa, tafuta ile iliyoandikwa kwamba haiuzwi. Hutahangaika kuipata. Maneno huwa makubwa, ya rangi nyekundu, Kifaransa juu na Kiswahili chini, na huandikwa na watu wa familia moja wanaoogopana: dada anamwogopa kaka, watoto wa mke mkubwa wanawaogopa wa mke mdogo, na wote kwa pamoja wanamwogopa mjanja wa mtaani anayeuza mali za watu kwa hati za kughushi. Mpita njia akiyasoma maneno hayo haulizi kama nyumba inauzwa. Anauliza tu ni nani anayeiuza. Jambo hili kila mtu hapa analijua tangu utotoni, na bado kamati yetu, yenye katekista mstaafu na mwalimu wa historia ambaye ni mimi, iliyaandika maneno hayo kwenye ukuta wa tonton yangu.

Tonton ni mdogo wake baba. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyebaki mkubwa wa familia, na hati za nyumba ya babu ziko kwa jina lake. Nyumba iko kwenye barabara inayoelekea kwa wavuvi wa maporomoko. Ilijengwa na mfanyabiashara mmoja mgeni enzi za wakoloni, na alipoondoka babu akainunua. Kuta zake ni nene, paa ni la vigae, na mbele kuna barza pana yenye matao, sakafu yake nyekundu na nyeupe. Katikati ya vyumba unapita ukumbi mwembamba usio na dirisha hata moja.

Naipenda nyumba ile kuliko matofali yanavyostahili kupendwa. Mama alitusuka nywele kwenye barza. Wauzaji wa kwanga, ile mikate ya muhogo, na wa samaki walitua mizigo yao ya kichwani pale, wakatuletea habari za mji mzima kabla redio haijazipata. Na majeshi ya wageni yalipopigana katikati ya mji wetu, majirani wote walikimbilia kwetu kwa sababu ya unene wa zile kuta, wakalala chini katika ule ukumbi usio na dirisha, miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Humo mke wa mvuvi mmoja alishikwa na uchungu, na mama yangu akampokea mtoto kwa mikono yake huku mabomu yakianguka. Mtoto yule leo ni mama mwenye watoto. Akipita barabarani huwaonyesha: "Pale ndiyo fasi miye nilizaliwaka."

Kwa hiyo siku nilipoambiwa kwamba tonton ameonekana uani na watu wageni wakipima kiwanja, usingizi ulinipaa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwenye barabara ileile nyumba nyingine za zamani zilikwisha kubomolewa, zikainuka ghorofa za vioo ambazo jua likiwaka hakuna anayeweza kukaa ndani bila mashine ya ubaridi, na umeme wetu mnaujua. Baada ya misa tukaunda kamati. Katekista alikuwa amesikia kwamba huduma ya utamaduni ya mkoa inapokea maombi ya nyumba za kihistoria. Nyumba ikishaingia katika orodha, haibomolewi hivi hivi. Sharti moja tu: mwenye nyumba akubali.

Nikatumwa mimi. Tonton alinisikiliza mpaka mwisho, akanywa kahawa yake yote, akasema, "Nitaona." Katika familia yetu, nitaona ni namna ya kukataa bila kumwamsha mtu hasira. Mimi hasira zangu hazihitaji kuamshwa, hulala macho wazi. Nilirudi kwenye kamati nikiwa nimeungua.

Ndipo hofu ikatutungia akili. Jumamosi moja tonton alivuka mto kwenda Lubunga kuangalia shamba lake la muhogo, nasi tukaja na kopo la rangi na ngazi. Katekista alishika ngazi, mimi nikaandika, maana mkono wangu umezoea ubao. Herufi zilinyooka vizuri kweli. Tulisimama ng'ambo ya barabara tukazitazama, tukapeana mikono kama watu waliookoa kitu.

Wiki ile ilianza kwa wanunuzi. Walikuja kwa miguu, kwa pikipiki, kwa baiskeli za toleka zinazobeba abiria, kila mmoja akitaka kumjua yule anayeuza kwa siri ili amwahi kabla ya wenzake. Wa kwanza wao alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye depo ya chumvi na mafuta mbele ya nyumba yenyewe, mtu wa parokia yetu, mwenye adabu. Alivuka barabara, akavua kofia, akamwambia tonton: "Papa, minasoma ku ukuta. Ni nani mu famille anauzisha? Miye niko tayari kuongea naye."

Tonton akaniita. Nilipofika nilimkuta kwenye barza amevaa koti lake la Jumapili, siku ya kazi. Hakunikaribisha kiti.

"Weye ni mwalimu," alisema. "Unisomee hii."

Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko herufi.

"Bon. Inasema nini juu yangu?"

Nikatazama sakafu, akajijibu mwenyewe.

"Inasema niko mwizi ya nyumba ya papa yangu. Ville nzima inasoma. Hata batu ya Lubunga banajua."

Niliona haya, na haya kwangu hugeuka ukali upesi. Nikamuuliza: na wale waliokuja kupima kiwanja, walikuwa wanapima kaburi la nani? Nilitegemea anifukuze. Akasimama, akafungua mlango, akasema, "Ingia."

Nilikuwa sijaingia ndani kwa muda mrefu. Sote tulikuwa watu wa barza: tunafika, tunakaa kwenye upepo, tunasifu matao, tunaaga. Ndani, sebuleni, palikuwa na mabeseni na sufuria sakafuni, na ukuta uliokuwa wa rangi ya maziwa ulikuwa umeota ukungu. Katika chumba cha babu dari ilikuwa imeanguka nusu, na mbingu ilionekana mahali palipokuwa na vigae. Tukapita mpaka kwenye ule ukumbi usio na dirisha, ule tunaouhadithia kila mgeni. Palikuwa na kitanda chake. Sanduku la nguo lilikuwa chini ya kitanda, redio juu ya kiti, na shati lake lilining'inia kwenye msumari.

"Hapa tu ndiyo haivuje," alisema. "Donc nalala hapa. Saison ya mvua na saison ya jua."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiki mimi sikujua hata kilipo. Akaendelea taratibu, bila kunitazama: "Batu banakuya, banapiga picha ku barza, banasema nyumba iko muzuri, tusibomoe. Hakuna hata mumoja anaulizaka: papa, unalala wapi? Wale ya kupima, miye niliwaita. Nilitaka kujua tu. Mutu anachoka."

Nililia palepale, nimekaa kwenye kitanda chake. Yeye akaenda kuchemsha kahawa, maana machozi ya mwanamke mzima yanamchosha.

Katekista nilimkuta akitunga ombi refu la kumshawishi tonton, lenye Kifaransa cha hali ya juu. Nikamwambia ayaweke maneno yake kabatini, kwanza paa. Hapa kwetu Jumamosi asubuhi kuna salongo: mtaa mzima hutoka kusafisha mitaro na kufyeka majani. Tukaomba salongo ya mtaa wetu ipande juu ya nyumba ya tonton. Hakuna aliyekataa, ila ugomvi ulianza kabla ya kazi. Wengi walitaka kung'oa vigae vyote na kupiga manjanja, mabati yetu ya kila siku, tumalize. Katekista akasema tukifanya hivyo nyumba haitakuwa ileile, na watu wa utamaduni watatucheka. Tonton, aliyekuwa amekuja kusimama nyuma yetu, akasema, "Miye siwezi kulala chini ya histoire. Mutafute kitu ya kuzuia mayi."

Tuligombana mpaka mke wa mvuvi, yule aliyejifungulia ukumbini, akachoka kutusikiliza. Akauliza kwa nini tusitoe vigae vizima vya vyumba vya uani, vilivyoezekwa siku moja na nyumba kubwa, tuvipeleke mbele, na vyumba vya uani ndivyo vivae manjanja. Uani hakuna anayelala zaidi ya kuku. Tukatazamana, kisha tukaanza kazi.

Wavuvi walileta miti na kamba za msituni, zilezile wanazotumia kusimamisha mitego yao katikati ya maporomoko, wakajenga jukwaa kando ya ukuta. Katekista aliitazama miti ile imefungwa bila msumari hata mmoja, akarudi nyuma. Mvuvi mmoja akamwambia: "Papa, hii inashikaka nguvu ya mayi ya fleuve. Weye uko muzito kupita fleuve?" Akapanda, uso umemkauka, na alipofika juu hakutaka tena kushuka.

Mfanyabiashara wa ng'ambo ya barabara alituma mabati ya uani kwa mkokoteni, kisha akaja mwenyewe amevaa suruali kuukuu. Alipiga misumari vizuri. Lakini biashara iko damuni, na kila alipopumzika alimwambia tonton, "Papa, siku utachoka, miye niko hapo mbele." Tonton akamjibu kwamba siku atakapochoka atalala, sasa ana chumba. Wote wawili wakacheka, na wanawake wakaleta pondu ya majani ya muhogo na samaki wa kukaanga, tukala kwenye barza tukiwa na vumbi la vigae kwenye nyusi.

Maneno yangu mekundu yalitusumbua kuliko paa. Tuliyapaka chokaa, asubuhi yakatokea tena, waridi kidogo lakini yanasomeka. Tukapaka tena. Kwa kipindi fulani wanunuzi waliendelea kuja, na tonton akawa anawapokea kwa furaha ya pekee, anawaketisha, anawapa maji, anawaambia kwamba ukuta huu uliandikwa na mwanawe mwalimu, wamwendee yeye shuleni. Walikuja kweli.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha nikiwa darasani. Nilipotoka nilipanda toleka moja kwa moja mpaka kwake, nikiwa nimeloa chapachapa. Ndani palikuwa pakavu. Kitanda kilikuwa kimekwisha hama, kiko chumbani kwa babu chini ya dirisha, na tonton alikuwa amelala usingizi mzito wa mchana, kinywa wazi. Nilirudi bila kumwamsha.

Afisa wa huduma ya utamaduni, aliyeitwa na katekista, alikuja wiki chache baadaye. Alikuwa dada mmoja kijana, mwenye futi ya kupimia na simu ya kupigia picha, na mtaa mzima ukakusanyika kana kwamba amekuja daktari. Alipima matao, akagusa sakafu, akapanda kutazama vigae, akafurahi navyo. Kisha akaketi kwenye barza akamweleza tonton mbele yetu sote: nyumba ikiandikwa katika orodha, itawekwa kibao mlangoni, na hataweza kuibomoa wala kuibadilisha uso bila ruhusa. Hata akichoka. Hata apate mnunuzi mwema. Uamuzi wa mwisho utatoka Kinshasa, lakini wa kwanza ni wake. Je, anakubali?

Ng'ambo ya barabara mfanyabiashara alisimama mlangoni pa depo yake, mikono nyuma. Paa lilikuwa limepona, ndiyo, lakini mtu mwenye paa zima anaweza kuuza kwa bei nzuri zaidi, na hakuna kati yetu aliyekuwa na haki ya kumlaumu.

"Ile kibao mutaweka ku mulango," tonton akauliza, "itaandika nini?"

Dada akasema kibao kitataja enzi za ujenzi, mtindo wake, na yule mfanyabiashara mgeni aliyeijenga.

"Na batu?"

"Batu gani, papa?"

Tonton akamwonyesha kwa kidole yule mama kijana aliyesimama na watoto wake kwenye ngazi. "Huyu alizaliwaka ndani. Miye nalala ndani. Musiandike sawa vile batu bote balikufaka. Muandike: batu banaikala humu."

Dada akasema kwa kweli vibao havina maneno kama hayo, lakini ataomba, na ataandika katika ripoti yake kwamba mwenye nyumba ameyataka. Tonton akatikisa kichwa kukubali, akamwomba kalamu, akatia sahihi yake pole pole, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa shuleni. Watu wakapiga makofi. Mfanyabiashara naye alipiga makofi, kisha akarudi ndani kwa wateja wake.

Mimi nilikuwa bado nafuta macho tonton aliponigeukia.

"Na weye," alisema, "unapenda hii nyumba sana. Siku gani utakuya kulala na batoto?"

Sikuwa nimelala chini ya paa lile tangu nilipoolewa. Nikamwambia Jumamosi. Akasema sawa, atafagia chumba alichozaliwa baba yangu, na kwamba nije na shuka zangu, maana zake ni chache.