Daktari Aliyekuja na Gambuti Mkononi

Krrr, kata, krrr. Magurudumu ya sanduku kwenye changarawe: hiyo sauti bado naisikia vizuri. Nilikuwa nafagia veranda ya kituo chetu cha afya, huku juu ya Mogogosiek, daktari mpya kutoka Nairobi akafika akiliburuta. Jiwe moja likang'oa gurudumu. Wamama wa kwenye benchi wakaanza kukisia atakaa siku ngapi. Mvua ya kwanza kubwa ikamhamisha. Sikumlaumu. Maskini aliniuliza chakula huagizwa wapi, nikamwonyesha shamba la viazi.

Aliyemfuata alishuka pikipiki na gunia la nailoni, gambuti zake za kukanyagia matope mkononi. Mzaliwa wa Sigowet, hapa jirani, mama yake mchuma chai. Benchi likamfanyia intaviu kabla hajafungua mlango.

"Wewe weri, wewe kijana wetu, unajua kukamua?"

"Najua, mama. Hata yule wa kupiga teke."

Kazi akapewa hapo hapo. Vyeti nani anaviuliza?

Mama yangu ana presha, na dawa alikuwa anameza siku akijisikia. Huyu daktari alimgombeza kwa Kipsigis, vile mtoto wa jirani tu anaweza, na mama akatii. Akaanza kumeza kila asubuhi. Mimi nikaota mbali kabisa: daktari atazeeka hapa, na mama naye atapata kuzeeka.

Tulisahau kitu kimoja. Mtoto wa hapa ana mama wa hapa. Mama yake alikuja kumtembelea siku ya mvua, akakuta beseni juu ya kitanda cha mwanawe, maji yakidondoka toka kwenye paa.

"Nimechuma chai mpaka mgongo ukapinda, ndio ulale hivi? Ng'ombe wangu analala pakavu! Twende. Uhamisho utaomba ukiwa nyumbani."

Daktari mzima, kipimo cha moyo shingoni, akajibu, "Sawa, mama." Akachukua likizo ya wiki mbili akamfuata.

Kumbe wa mjini hukimbia matope kwa sababu hayajui, na wa kijijini hufukuzwa na mama anayeyajua. Sisi tubaki na nani, basi?

Kamati ya kituo ikakutana haraka. Ikanywa chai, ikaomba, ikaamua kumrudisha daktari kwa zawadi ya saa ya ukutani, bila shaka ili akilowa ajue ni saa ngapi. Nyumbani mama akaniambia, "Asiporudi, hizo dawa mpelekee mtu mwingine." Hakuwa anatania.

Sijasoma sana, lakini mahali maji yanaingilia napajua. Kesho yake, kamati ikiwa sokoni kuchagua saa, niliazima ngazi, nikapanda juu ya nyumba ya daktari na kopo la lami na kipande cha tyubu ya baiskeli. Mabati yalikuwa yanateleza. Nikatafuta tundu la msumari pale juu ya kitanda, nikalipaka lami, nikabandika tyubu, nikakandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika.