Kaa wa Nyuma ya Nyumba

Mvua za juzi zimenitolea kaa uani. Nimekuta vichuguu vya matope nyuma ya choo, kila kimoja na tundu lake, mjukuu wangu amechuchumaa anawapiga picha. Nikageuka nikarudi ndani. Nitakwambia kwa nini, maana wewe si mgeni kwangu.

Mwaka ule wa njaa, hapa hapa Mtinko, uwele ulikauka shambani na ng'ombe wetu wakaisha. Bibi yangu akaanza kuchimba kaa pale nyumba zilipopakana na mbuga, lile bonde la udongo mweusi. Kwetu mla kaa alikuwa kichekesho. "Mwenye zizi hali kitu kinachotembea upande," wazee walisema. Basi tulikula mlango umefungwa, na magamba bibi aliyafukia kwenye majivu.

Siku moja jirani yetu akapiga hodi, mtoto mgongoni. Jina lake ninalo, na la mtoto pia, ila acha yapumzike. Kwetu mgeni akikukuta unakula, ananawa. Bibi akasukuma chungu nyuma ya jiwe la kusagia, akakifunika kwa ungo.

"Karibu, mwenzangu. Ndiyo tumemaliza sasa hivi."

"Aa! Leo mama mkwe wangu hanipendi," jirani akacheka, huku pua yake inacheza. Mtoto alikuwa anatafuna pindo la kanga. Hakukaa sana.

Kesho yake alfajiri tulikuwa mashimoni, debe letu lina kaa wa kutosha, tukamwona anakuja na jembe na debe tupu. Bibi akaliweka letu nyuma yangu.

"Umeamkaje, mama? Unatafuta nini huku?"

"Udongo wa kukandika ukuta. Na ninyi?"

"Udongo huo huo."

Kaa walikuwa wanakwaruza bati, kwaru, kwaru. Bibi akapaza sauti kuulizia habari za watoto, za mbuzi, za wakwe, na jirani naye akajibu kwa kelele. Kila mmoja alisikia lile debe. Kisha jirani akachimba udongo, akajaza, akajitwika, akapanda nalo kwake na mtoto wake mgongoni. Sisi mchana tulikula.

Wale wanawake wamekwenda wote wawili, mbuga imepimwa viwanja, na siku hizi hakuna anayepiga hodi wakati wa chakula. Mimi uso bado unanichoma. Pale mashimoni ilitosha mmoja wao acheke, wangechimba kaa pamoja.