Nilimtafuta Mungu kwenye foleni ya sabuni, Chang'ombe

Wakuu, salaam. Mliokula chumvi nyingi, shikamooni. Ninayowasimulia yalinikuta mie mwenyewe, na sijaongeza chumvi.

Ilikuwa enzi za Ujamaa. Nilikuwa kibarua kiwandani, nimeoa, tuna binti mmoja, Neema. Nilikuwa nimeokoka juzijuzi tu.

Ishu yangu ilikuwa moja. Kila Jumapili kwenye kikundi cha maombi wenzangu walitoa ushuhuda kwamba Mungu amesema nao. Mama mmoja alikuwa anachaguliwa hadi gauni la kuvaa!

Kwangu kimya, kama redio isiyo na betri. Na betri zenyewe zilikuwa hazipatikani.

Nikaanza kuogopa kwamba labda Mungu hanitaki.

Mwinjilisti wetu akanishauri, "Tafuta utulivu, fumba macho, utamsikia."

Utulivu upo wapi, wakuu, kwenye chumba kimoja chenye mke, mtoto na shemeji anayekoroma? Nikaona nitaupata foleni.

Vijana, niwaeleweshe kidogo. Bidhaa zilikuwa adimu. Alfajiri unaweka kikapu chako kwenye mstari nje ya duka la ushirika, kisha unakaa pembeni. Kikapu ndiyo wewe. Mstari ukisogea, unakisogeza. Usipokisogeza, kinarushwa nje na hakuna wa kumlalamikia.

Basi nikaweka changu, nikageukia ukuta, nikafumba macho. Nikaomba kweli kweli. Nikamwambia Mungu asiniache, aseme chochote, hata kunigombeza.

Duka likafunguliwa. Mie sina habari.

Mara nikasikia, "Baba Neema!"

Moyo ukanilipuka. Nikaitika kwa unyenyekevu, macho bado nimefumba, "Nipo."

"Upo wapi, na kikapu kimeshafika mlangoni? Fumbua macho, punguani we! Sabuni inakwisha!"

Alikuwa Mama Zuhura, jirani yetu, Muislamu wa Lindi, mwenye mdomo usio na breki. Mtoto mgongoni, kikapu chake mkononi, na changu alikuwa anakisukuma kwa mguu tangu mstari ulipoanza kusogea. Kuna braza alitaka kukirusha. Mama Zuhura akamwambia, "Kirushe uone kama hutakifuata."

Sabuni nikapata.

Jumapili nikasimama, nikasimulia yote kama nilivyowasimulia hapa. Watu wakacheka mpaka benchi likalia. Mwinjilisti hakucheka.

"Ndugu, sauti ya Mungu uliisikia?"

"Niliyoisikia ni ya Mama Zuhura."

"Yule si wa kwetu."

"Ni kweli, Mwinjilisti. Lakini nilimwomba Mungu asiniache, na yule mama hakuniacha."

Tulipotoka akanivuta pembeni, nikajua nafukuzwa. Akatazama kola iliyofubaa ya kanzu yake, akaninong'oneza, "Kuna kipande kimebaki?"

Nikampa nusu.

Nilichojifunza, ndugu zangu: ukiona mbinguni kimya, usijihukumu haraka kwamba umekataliwa. Omba, lakini fumbua jicho moja uone nani anakuhangaikia. Sauti ile ya gauni sijawahi kuisikia mpaka leo uzeeni, na wala sina hofu tena.

Nyie mnamtafutaje Mungu kwenye pilikapilika zenu? Njooni tujadili. Walokole wenzangu, mkinipiga mawe chagueni madogo.