Panya Wawili wa Mjukuu na Gunia la Mchanga wa Kiambere

Ghala langu la mahindi limesimama juu ya miguu minne ya miti, na kila mguu una kofia ya bati ili panya asipande. Kofia hizo nilizikata mwenyewe. Kidole hiki cha kushoto kina kovu la bati hilo, na mpaka sasa kikipigwa na baridi kinauma. Sasa fikiria mtu huyohuyo, mzee aliyetahiriwa, mwenye wajukuu, akipanda ngazi ya ghala hilo na panya wawili mkononi, tena wazima, tena amewabebea chakula. Huyo ni mimi. Nikikumbuka, masikio yananichoma.

Shule niliachia darasa la tatu, mbuzi wa baba walikuwa hawana mtu. Kwa hivyo nikipotea njia katika kusimulia, nivumilie, nitarudi.

Panya hawakuwa wangu. Binti yangu alikuwa anafanya kazi Nairobi kwa jamaa fulani wa nchi za nje, na jamaa hao walipohama, mtoto wao akamwachia mjukuu wangu sanduku la kioo, kama lile la kufugia samaki, na ndani panya wawili. Mjukuu alikuwa anaingia shule ya bweni. Akaja nao kwangu akiwa amekumbatia sanduku, nusu ya uso wake haionekani.

“Guka, nitunzie mpaka nifunge shule.”

“Nikutunzie panya?”

“Si panya, guka. Ni jerbili.”

“Ana mkia?”

“Anao.”

“Ana meno ya mbele?”

“Guka!”

Nilitaka kukataa. Lakini mtoto huyo ndiye aliyekuwa akiniletea maji ya kunawa kabla hajaweza kutembea vizuri, akimwaga nusu njiani. Nikasema weka hapo. Akanifundisha haraka haraka, maana gari lilikuwa linamngoja. Wapewe mbegu za alizeti, lakini kidogo, zina mafuta. Wapewe vijiti watafune, meno yao hayaachi kukua. Wapewe udongo mwingi wachimbe. Wasitenganishwe, mmoja peke yake huugua upweke. Na mkia wasishikwe kabisa.

“Ukivuta mkia, guka, ngozi inatoka kama soksi.”

“Sasa wanashikwa wapi?”

“Hawashikwi. Unaweka mkono, unangoja. Wakitaka, watapanda.”

Nikacheka. Maisha yangu yote sijawahi kumngoja mnyama anikubali. Ng'ombe nilimfunga kamba, punda nilimpiga fimbo. Panya wa nyumbani, tulipokuwa wavulana, tulimwinda kwa kombeo, na aliyemkosa alichekwa mpaka jioni. Baba yangu mwaka mmoja panya walimlia mahindi ya mbegu. Nilimwona ameketi katikati ya maganda. Kwa hivyo panya na mimi tulikuwa na maneno ya zamani.

Niliwaweka ghalani kwa sababu kule hakuna mtu hupanda ila mimi. Mke wangu alijua, huwezi kumficha mwanamke wa nyumba yako kitu kinachokula mahindi yake. Lakini hatukumwambia mtu mwingine. Rika langu ni watu wa mdomo. Mmoja wetu aliwahi kuonekana akimbembeleza mtoto kwa wimbo wa akina mama, na aliitwa yaya mpaka tulipomzika.

Basi nikawa napanda kila asubuhi. Siku za kwanza mmoja, yule wa rangi ya majani makavu, alinipiga jino kwenye kidole. Yule mwingine, mweusi, alikuwa akiniona tu anapiga sakafu kwa miguu ya nyuma, dup dup dup, halafu wote wanazama chini ya udongo. Nilidhani ni sura yangu. Baadaye nikajua ni ugoro. Mkono wangu ulikuwa unanuka ugoro tangu ujana. Nikaanza kunawa kwa majivu kabla ya kupanda, na ugoro nikauacha mpaka baada ya saa nne. Mchungaji alinihubiria juu ya ugoro miaka mingi bila kushinda. Panya walishinda.

Naweka mkono kwenye sanduku, kiganja juu, mbegu mbili katikati. Natulia. Mkono unakufa ganzi. Nzi anatua kwenye pua, namwacha. Wa majani makavu akawa anakuja mpaka ncha ya vidole, ananyoosha shingo, ananyakua, anakimbia. Halafu siku moja hakukimbia. Aliketi kwenye kiganja changu, akaishika mbegu kwa mikono yake miwili kama mtu anayekula hindi la kuchoma, akaimenya. Nilihisi moyo wake kwenye ngozi yangu. Nikasema kwa sauti, “Karibu, bwana.” Halafu nikageuka kuangalia kama mlango umefungwa.

Shida ilikuwa udongo. Udongo wetu wa huku mlimani ni mwekundu na haukauki vizuri. Unawashika manyoya. Wakaanza kuonekana kama wamepakwa mafuta, wamenyong'onyea, mweusi hachimbi tena. Nilifikiria kuwaosha kwa maji, nikaogopa baridi ya huku.

Ndipo nikaenda Mbeere kwa mazishi. Dada yangu ameolewa kule upande wa Kiambere, na shemeji yake alikuwa amefariki. Huko ni kwingine kabisa, jua linakupiga mpaka unasahau kwamba umewahi kuvaa koti. Baada ya mazishi nilikaa pembeni mwa korongo kavu, viatu mkononi, nikaona kitu. Panya wa nyika, mkia mrefu wenye kishungi, ndugu kabisa wa wale wangu. Alitoka shimoni, akajilaza ubavu kwenye mchanga, akajigaragaza upande huu, akajigaragaza upande ule, akasimama akajikung'uta. Anaoga! Niliruka juu kama mtoto. Watu wa msiba wakaniangalia.

Nikajaza gunia la mchanga. Dada yangu akaniuliza wa nini, nikamwambia wa kazi fulani. Utingo wa basi alipolipandisha juu alipiga kelele ili wote wasikie:

“Mzee, kwani Meru udongo umeisha? Ama unahama na shamba la watu kidogo kidogo?”

Abiria wakacheka, na mimi nikacheka nao. Sikujua ninachokibeba.

Sasa hapa lazima nieleze, la sivyo hutaelewa. Kwetu huku, mtu akitoka Mbeere na gunia la mchanga, hakuna anayefikiria mchanga. Tangu tulipokuwa wadogo tuliambiwa dawa kali hutoka kule. Watu wa kule wenyewe, ukiwauliza, watakwambia hutoka Ukambani. Na mimi, mjinga, nilishuka stendi mchana, nikalibeba gunia begani mbele ya maduka yote, nikalipandisha moja kwa moja ghalani, nikafunga mlango. Asubuhi nikasikika ndani nikiongea kwa sauti ndogo. “Njoo. Njoo, bwana. Usiogope.”

Panya walifurahi ajabu. Waliuingia ule mchanga kama watoto kwenye mvua. Manyoya yakarudi kung'aa.

Juma lililofuata ng'ombe wa jirani yangu akafa.

Jirani huyo ni mjane, na ng'ombe alikuwa mmoja. Maziwa ya chai na ya kuuza aliyapata kwa ng'ombe huyo. Alilala mzima, asubuhi akakutwa amevimba, miguu juu. Nilikwenda kumpa pole. Hakuupokea mkono wangu. Nikadhani ni uchungu.

Halafu watoto wakaacha kupita njia ya kwetu. Kikundi cha akina mama cha kanisa, ambacho zamu ilikuwa kije kwa mke wangu, kikahamia kwa mwingine bila kumwambia. Alikuwa amekwisha pika. Tulikula mukimo ule wa viazi na mahindi siku nyingi, sisi wawili, tukiupasha. Jioni ya mwisho alisukuma sahani.

“Wanasema umeleta kitu kutoka Mbeere. Wanasema unakilisha ghalani na unaongea nacho.”

“Ni kweli, nakilisha na ninaongea nacho.”

“Usinifanyie mchezo. Sema ni panya.”

“Nitasemaje? Rika langu litaniweka wapi?”

“Na mimi kanisa liniweke wapi? Sijawahi kuitwa mke wa mchawi. Mke wa mwendawazimu nitavumilia, nimezoea.”

Na sasa nitasema jambo ambalo hata kuliandika najificha. Nilipokuwa napita sokoni siku zile, vijana walinipisha. Wanaume walinisalimu kwa heshima kuliko zamani. Mwenye duka alinipa sukari kabla sijaomba. Nikawa najiambia, mchawi angalau ni mtu mzima. Mchawi haitwi mtoto. Mzee mzima alikuwa anapima lipi dogo, kuogopwa kwa uongo au kuchekwa kwa kweli, na mke wake anakula mukimo wa wageni wasiokuja.

Wazee wa rika walikuja mchana. Wanne, na fimbo zao, na mjane nyuma yao akiwa amejifunga leso kiunoni. Wakaketi uwanjani. Mke wangu akaleta chai.

Msemaji wao, mtu tuliyeingia jandoni pamoja, alikiangalia kikombe.

“Chai tutakunywa,” akasema, “lakini kwanza anza wewe.”

Nikainywa, wakaniangalia nameza. Ndipo wakanywa. Hapo ndipo nilipojua kweli wananiona mchawi. Mtu niliyelala naye kwenye majani mamoja, vidonda vyetu vikiuma pamoja, ananionjesha chai ya nyumbani kwangu.

“Wa rika,” akasema. “Ulileta nini kutoka Kiambere?”

“Mchanga.”

“Wa kujenga?”

“Hapana.”

“Wa kupanda nini?”

“Sipandi.”

“Sasa mchanga mtu anaufanyia nini, anaupikia?”

Nikanyamaza. Mmoja akasema, “Ukinyamaza hivyo tutaita watu wa kiapo cha kimila, na wewe ni mtu wa kanisa. Tuepushe.”

Mjane akasema kwa sauti ya chini, bila kuniangalia, “Mimi sitaki kiapo. Nataka tu aniambie nilimkosea nini.”

Neno hilo lilinipiga. Alikuwa amekaa siku zote hizo akijitafuta kosa. Nilimwangalia mke wangu mlangoni. Alielekeza kidevu ghalani.

Nikaenda. Nilipanda ngazi ile, mbele yangu kofia za bati, nyuma yangu macho ya watu. Niliteremka na sanduku la kioo, nikaliweka chini katikati yao. Wazee wakarudisha viti nyuma. Mmoja alishika fimbo kwa mikono miwili.

“Usipige,” nikasema. “Ni wa mjukuu.”

“Ni nini?”

“Ni panya.”

“Panya wa nini?”

“Panya wa… panya tu. Wa kufuga. Mchanga ni wa kuoga.”

“Nani anaoga?”

“Wao.”

Hakuna aliyenisadiki, na mimi nisingejisadiki. Ikabidi nionyeshe. Nilinawa mikono mbele yao kwa majivu, nikapiga goti, mimi mzee, nikaweka kiganja ndani na mbegu mbili. Nikangoja. Watu wote wakangoja. Mweusi akapiga dup dup dup akazama. Wa majani makavu akatokeza pua, akanusa, akapanda. Akala. Alipomaliza akapanda mkono mpaka kwenye kiwiko, akaingia ndani ya mkono wa koti langu, kama alivyozoea, na mimi bila kufikiri nikasema kama nilivyozoea:

“Karibu, bwana.”

Msemaji akaanza kucheka, kwa tumbo, bila sauti, mabega yakiruka. Halafu wote. Mmoja alilia machozi, akajifuta kwa kofia.

“Karibu, bwana!” wakaambiana. “Karibu, bwana!”

“Na sisi tumeacha kazi zetu!”

“Wa rika, unamvalisha na viatu?”

“Anakunywa chai? Mpe aonje kwanza!”

Walinitoza mbuzi kwa kuwatembeza bure na kuliaibisha rika. Nilikubali haraka. Nilikuwa nimepiga goti bado, kwa sababu panya alikuwa kwenye koti na ningesimama ningemuumiza, basi mashauri ya mbuzi yote nilijibu nikiwa chini.

Mjane hakucheka. Aliinama akaangalia sanduku muda mrefu, halafu akaniangalia mimi kwa mara ya kwanza tangu ng'ombe afe.

“Heri ungekuwa mchawi,” akasema. “Ningejua alikufa na nini.”

Akafungua leso kiunoni, akaifunga tena, akaenda. Mke wangu alianza kumpelekea maziwa asubuhi, na mimi nilikuwa nayabeba mpaka kwenye lango, simfikii. Baada ya kicheko, akina mama walirudi, watoto walirudi, wakipita wanaimba karibu-bwana. Sukari dukani nikawa naomba tena kama watu.

Mjukuu alipofunga shule aliweka mkono wake kwenye sanduku. Wa majani makavu aliunusa, akaruka, akaukimbilia mkono wangu. Mtoto alisema, “Amekupenda, guka,” na akajaribu kucheka. Nikajifanya naenda kuangalia ng'ombe.

Panya hao hawaishi sana. Wameshakufa, niliwazika kwenye mchanga wao uleule, nyuma ya ghala, na hilo pia nilifanya watu wakiwa kanisani. Ghalani sasa kuna mahindi tu, na kofia za bati ziko mahali pake. Lakini kila asubuhi nikiwa juu ya ngazi, kabla sijafungua mlango, nageuka kwanza nyuma kuangalia kama kuna mtu ananiona.