Namba Zisizompendeza Ludmila

Katika kampuni moja ya bima mjini Omaha, mwaka 1972, hakuna aliyejivunia unadhifu wake kama Ludmila Kubicek, mtunza programu. Miaka kumi na miwili alizilinda kadi za matundu zilizobeba programu za kompyuta, katika makabati ya chuma. Ubavuni mwa kila bunda alichora mstari wa mshazari, ili bunda likianguka ajue kadi ipi imekaa pasipo pake.

Kisha ikaja zana mpya, programu ya kutunzia programu. Programu zote zikaingizwa kwenye diski, na zana ikawa inakumbuka kila badiliko: nani kalifanya, lini, na toleo la zamani lilikuwaje. Ludmila alimwambia mkuu wake, Bwana Harkin, kwamba hiyo ni zana ya watu wanaokosea. Harkin akajibu kwamba ifikapo Ijumaa ataamua kama kazi ya mtunza bado inahitaji mtu.

Jumatano Ludmila akaitazama programu ya barua za wateja, akaudhika. Namba za mistari zilikaa ovyo kama meno ya mtoto: 240, 241, 247, kisha ghafla 300. Akaiamuru zana izipange upya, kumi kumi. Alipoona karatasi iliyochapwa, roho yake ikatulia kabisa.

Alhamisi asubuhi Leland Foss, mwandishi wa programu mwenye miezi mitatu tu kazini, akaleta kadi chache za marekebisho: futa mstari wa 240, weka huu. Alikuwa amezitoa kwenye karatasi ya Jumanne, yenye namba za zamani. Ludmila akaziingiza bila kuwaza. Kufikia saa sita mchana mashine ilikuwa imechapa barua elfu mbili, zote zikimpongeza mzee mmoja wa mji jirani wa Fremont kwa kujifungua salama.

Harkin akamwita Leland mbele ya watu.

“Umefuta nini, kijana?”

“Mia mbili arobaini, mzee. Ndivyo karatasi ilivyosema.”

Ludmila alisimama nyuma yao. Angenyamaza tu, Ijumaa ingepita salama. Mwingine aliyejua ilikuwa zana tu, nayo haisemi mpaka iulizwe. Akamtazama Leland, masikio yamemwiva mekundu.

“Mwache,” akasema. “Ni mimi. Jana nilizipanga namba upya; 240 ya leo si ile ya karatasi yake. Hazikunipendeza.”

“Hazikukupendeza, dada?” Leland akageuka. “Kwani ni mapazia?”

Hata Harkin alicheka. Ludmila naye akacheka, ingawa alichelewa kidogo. Kisha akaiagiza zana ile ya watu wanaokosea irudishe toleo la Jumanne. Dakika nne. Kwa kadi zake angehitaji siku mbili na machozi. Zana ikataka sababu ya badiliko. Akaandika: mtunza alijiona hodari.

Harkin aliisoma.

“Kazi unayo,” akasema. “Ila ukitaka kugusa namba, umwombe Leland ruhusa.”

Aliiomba kila Jumatatu. Leland alimkatalia kwa heshima zote.