Kikomo Alichoweka Dada

Dada yangu ndiye aliyeweka kile kikomo. Aliingia idara ya maji akiwa mchapaji, akajifunza kompyuta kwa kuwachungulia mafundi waliokuja kuzitengeneza, mpaka akakabidhiwa tovuti nzima bila kuongezwa cheo. Wenzake walimwita Mama Tovuti, naye alicheka kwa mdomo tu.

Siku moja mkurugenzi alimwambia, "Tovuti inakokota miguu. Waombaji kazi wanapakia mafaili makubwa. Mwisho weka megabaiti mbili."

"Bosi, cheti kimoja kikipigwa picha kwa simu kinafika nne."

"Anayetaka kazi atajua la kufanya."

Dada akafungua mipangilio, akafuta kumi, akaandika mbili.

Mwezi uleule ikatangazwa nafasi ya mtunza bohari. Mimi nilikuwa kibarua mle bohari miaka kumi na miwili. Kila rafu naijua hata nikifumba macho. Nikapeleka cheti changu cha darasa la saba kwenye duka la kuchapisha. Tovuti ikakataa: faili ni kubwa mno. Mwenye duka akalipunguza mara moja, mara mbili, mara tatu, likapita.

"Umeshaingia, kaka. Ondoa hofu."

Dada sikumwambia. Kuomba naona haya, na kwa ndugu ndiyo zaidi.

Niliponyimwa, dada aliliona jina langu kati ya waliokataliwa, akalifungua faili langu kutafuta sababu. Jina lilikuwa ukungu, muhuri doa. Kamati ya ajira ilikuwa imeandika: cheti hakisomeki. Akanifuata bohari, mbele ya wapakiaji.

"Wewe! Mimi niko hapo juu, ngazi ishirini tu, ukashindwa kuniita?"

"Sikutaka waseme umenibeba."

"Nikubebe wapi, na mizigo yote humu unabeba wewe?"

Wapakiaji wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Kile kikomo nilikiweka kwa mkono wangu, mdogo wangu."

Akapanda juu, akarudisha kumi bila kumuuliza mtu. Kwa hilo alipewa barua ya onyo. Kamati haikurudia orodha ya waombaji. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Mtunza bohari mpya aliripoti Jumatatu, shati limenyooshwa. Hakuwa mtu mbaya.

"Mzee, mabomba ya inchi moja yanakaa wapi?"

Nikamwonyesha. Akaandika kwenye daftari lake. Kesho yake akaniuliza ya nusu inchi.