Sampuli Iliyopanda Ngamia

"Nyumba ikihama, sampuli tutaitafuta wapi?"

Niliuliza hivyo mjini Isiolo, kwenye kozi ya takwimu za juu kwa watafiti wa jamii. Wanaume walicheka, naye mwalimu akaniambia, "Binti, keti. Hapa si kwenye mdahalo. Ukinikatiza tena, cheti usahau."

Kesho yake tukaenda Burat, kwa wafugaji wanaohamahama, kwa mazoezi. Nyumba tuliyoichagua kwa nasibu tuliikuta juu ya ngamia, miti na mikeka yote, inaondoka.

"Simamisheni!" mwalimu akapiga kelele, tai ya shingoni imemrukia begani. "Hiyo ni sampuli yetu!"

Mama aliyeshika kamba hakupunguza mwendo. "Salaam aleikum. Majani imeisha hapa."

"Basi niitie mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba ni mimi. Kwetu nyumba ni ya mke, mzee ni mgeni wangu. Uliza tukitembea."

Tukamfuata mbio, mwalimu akihema maswali, sisi tumeshika mbavu kwa kicheko. Msomaji, vitabu vyetu vya takwimu vimeandikwa na watu ambao nyumba zao hazina miguu!

Hatimaye mwalimu akasimama, akafuta vumbi kwenye miwani, akanigeukia.

"Dada, hebu uliza tena lile swali lako."